Panzi wa rangi katika shamba la mihogo: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka mashariki mwa Tanzania

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika kijiji kimoja cha mashariki mwa Tanzania, kwenye ukanda unaopata mvua za vuli na za masika. Majina ya kijiji, ya kikundi na ya wahusika yameondolewa, na maelezo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa ugani, walimu wa kilimo na wakulima wanaotaka kuelewa kwa nini mdudu anayeonekana hana madhara kwa miezi kadhaa anaweza kulivamia shamba ndani ya wiki moja, na kwa nini dawa iliyonunuliwa kwa michango ya watu haikuwafaa.

Shamba na watu wake

Kikundi cha wakulima kinachohusika hapa kilikuwa na wanachama wapatao 20, wengi wao wanawake, na kililima ekari 4 za mihogo kando ya kijito kinachokauka wakati wa kiangazi. Majani machanga ya mihogo hiyo yalichumwa kwa ajili ya kisamvu na kuuzwa sokoni, kwa hiyo shamba lilikuwa likiingiza fedha kidogo kidogo muda mrefu kabla ya mizizi kukomaa. Suala la kisamvu msomaji asilisahau, kwa sababu ndilo lililoamua mengi baadaye.

Upande wa kijito kulikuwa na vichaka vizito. Upande wa juu palikuwa na mwembe mkubwa na, mbele yake kidogo, kichaka cha makaburi ya ukoo mmoja wa zamani pale kijijini. Kwenye mpaka wa mashariki kikundi kilikuwa kimepanda mistari ya marejea ili kurutubisha udongo, na upande wa pili kulikuwa na kiwanja cha mtu anayeishi mjini, ambacho kwa miaka kadhaa kilikuwa pori tu.

Mdudu mwenyewe

Panzi aliyehusika ni Zonocerus elegans, ambaye pale kijijini aliitwa panzi wa rangi. Ni wa familia ya Pyrgomorphidae na anapatikana kusini na mashariki mwa Afrika. Ndugu yake wa karibu, Zonocerus variegatus, ndiye anayewasumbua wakulima wa mihogo wa Nigeria na Benin, na mengi tunayoyajua kuhusu tabia za jamii hii yametokana na uchunguzi uliofanywa huko.

Panzi mkomavu ana urefu wa sentimita 3 hadi 5, mwili wa kijani kilichokolea wenye mistari ya manjano na nyeusi, na vipapasio vyeusi vyenye pete za rangi ya chungwa. Wengi wana mbawa fupi ambazo haziwawezeshi kuruka angani. Hutembea taratibu, na mtu anaweza kusimama karibu kabisa bila wao kushtuka. Mwendo huo wa taratibu una sababu yake. Rangi zile ni onyo: panzi huyu akibanwa hutoa kimiminika chenye harufu kali, na ndani ya mwili wake amehifadhi sumu alizozitoa kwenye mimea fulani. Mdudu asiye na haja ya kukimbia hakimbii.

Tunutu wake ni weusi wenye vidoa vya rangi ya kupauka, na hukaa makundi makundi juu ya mmea mmoja kana kwamba wamemwagwa hapo. Kama ilivyo kwa panzi wote, hakuna hatua ya buu: yai huangua tunutu mwenye umbo la mzazi wake ila hana mbawa, naye hujivua ngozi mara 5 au 6 hadi akomae. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka. Mayai hutagwa ardhini, sentimita chache chini ya uso wa udongo, na hukaa humo kiangazi chote, ukuaji wake ukiwa umesimama kwa sehemu kubwa ya muda huo. Kwa hesabu hiyo, takriban nusu ya mwaka mdudu yupo shambani na hakuna anayemwona.

Mtiririko wa matukio: msimu wa kwanza

Mwanzoni mwa Novemba, baada ya mvua za kwanza za vuli, tunutu wadogo walionekana kwenye magugu ya ukingo wa kijito na chini ya mwembe. Hakuna aliyewajali. Mihogo ilikuwa na afya, tunutu walikuwa wakila magugu mafupi yenye majani mapana, na baadhi ya wanachama waliona kwamba wadudu hao wanawasaidia palizi.

Hali iliendelea hivyo hadi Januari. Mvua ilipokatika na kiangazi kifupi kuanza, magugu ya porini yalianza kunyauka, na wakati huohuo kikundi kikafanya palizi ya mwisho, kikalisafisha shamba lote kwa siku chache mfululizo na kurundika magugu nje ya mpaka. Ilikuwa palizi nzuri, ya aina ambayo bwana shamba yeyote angeisifia. Wiki moja baadaye tunutu, ambao sasa walikuwa wakubwa na wengi wao wamebakiza kujivua ngozi mara moja au mbili, walikuwa juu ya mihogo. Walianza na majani makuukuu ya chini, wakapanda kwenye vikonyo, kisha wakaguguna maganda mabichi ya mashina hadi mti mweupe ukaonekana. Mistari iliyokuwa karibu na kijito ilibaki vijiti.

Kwa sababu kumbukumbu ya mwanzoni mwa 2021, makundi ya nzige wa jangwani yalipoingia kaskazini mwa Tanzania, ilikuwa bado ipo vichwani mwa watu, taarifa iliyofika kwenye ofisi ya kata ilisema kwamba kijiji kimevamiwa na nzige. Afisa ugani alifika akatambua kuwa ni panzi wa rangi. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito: nzige wa jangwani huja na upepo kutoka mbali na huondoka nao, ilhali panzi mwenye mbawa fupi amezaliwa umbali mfupi tu kutoka mahali alipokutwa. Bahati mbaya afisa alikuja baada ya kikundi kuchanga fedha na kununua dawa ya wadudu dukani.

Dawa ilipulizwa kwa bomba la mgongoni mara mbili, zote mchana. Tunutu waliokuwa wazi juu ya majani walikufa. Wengine waliingia kivulini chini ya mimea wakati wa jua kali, na wengine zaidi walikuja kutoka kwenye kiwanja cha jirani na vichaka vya kijito. Baada ya siku chache idadi ilionekana ileile. Lililokuwa zito zaidi ni kwamba wanawake waliokuwa wakiuza kisamvu walilazimika kusimamisha biashara, na mmoja wao alisema waziwazi katika mkutano kwamba panzi wamemlia mihogo lakini dawa imemlia sokoni. Pendekezo la kupuliza mara ya tatu lilikataliwa kwa kura. Kuku walioletwa shambani kwa matumaini walidonoa mara moja moja, wakatema, wakaenda kufukua mchwa.

Mwishoni mwa Machi panzi walikuwa wamekomaa, na marejea yalikuwa yametoa maua. Hapo ndipo lilipotokea jambo lililowashangaza wote: asubuhi, mistari ya marejea ilijaa panzi kuliko mihogo yenyewe.

Maamuzi na sababu zake

Wanachama kadhaa walitaka marejea yang'olewe siku hiyohiyo kwa kuwa yanaita wadudu. Afisa ugani aliomba yaachwe. Hoja yake ilikuwa kwamba mimea ya jamii ya marejea, kwa viwango vinavyotofautiana kati ya spishi na spishi, ina kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, na panzi hawa huzitafuta hasa: majaribio yameonyesha kwamba huvutwa na kemikali hizo hata zikiwa zimetengwa na mmea, wakazila ingawa si chakula. Huzihifadhi mwilini kama kinga. Ikiwa panzi watakusanyika kwenye mstari mmoja kwa hiari yao, mtu hana haja ya kuwafuata katika ekari 4. Kikundi kilikubali, na kwa wiki kadhaa watu wachache waliamka alfajiri kuwakusanya kwa mkono na kuwatia katika ndoo za maji ya sabuni. Alfajiri ilichaguliwa kwa sababu panzi hutegemea joto la jua. Kabla halijapanda hulala kwenye ncha za mimea wakiwa wazito, na hata mtoto anaweza kuwachuma.

Uamuzi wa pili ndio uliobadilisha kisa. Afisa aliwaambia kwamba kabla ya kutaga, panzi wa jamii hii hukusanyika sehemu chache zenye kivuli na udongo wenye unyevu kiasi, majike mengi kwa pamoja, na kwamba mara nyingi sehemu hizo ni zilezile mwaka hadi mwaka. Kazi ya Aprili na Mei ilikuwa kutazama tu. Vijana wawili walipewa jukumu la kuzunguka shamba na kuchomeka kijiti kila walipoona majike wamezamisha fumbatio ardhini. Hadi mwisho wa Mei vijiti vilikuwa vimesimama katika maeneo manne: ukingo wa kijito, chini ya mwembe, ndani ya kichaka cha makaburi, na kwenye kiwanja cha jirani karibu na mpaka. Katikati ya shamba la mihogo hapakuwa na hata kijiti kimoja.

Wakati huohuo, katika siku za mvua nyingi, panzi waliokufa walionekana wakiwa wameshikilia ncha za majani kwa miguu yao, vichwa vikiangalia juu, miili imekakamaa. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kuvu uitwao Entomophaga grylli, ambao humfanya panzi apande juu ya mmea kabla ya kufa, na hivyo mbegu za kuvu zikasambaa kutoka juu. Afisa alishauri mizoga hiyo isikusanywe wala kuchomwa.

Uchimbaji ulifanyika Agosti, udongo ulipokuwa mkavu. Jembe la kwanza chini ya mwembe halikuonyesha kitu kwa sababu watu walitarajia kuona mayai yametawanyika. Mama mmoja aliyekuwa akivunja mabonge kwa vidole ndiye aliyeona kifuko cha kwanza: kipande kilichopinda kidogo, kifupi kuliko kidole, kimefunikwa na chembe za udongo zilizogandana na povu lililokauka. Alipokivunja, upande wa juu ulikuwa povu tupu jepesi, na chini yake mayai membamba ya rangi ya manjano ya udongo yalikuwa yamepangwa kwa mshazari, makumi kadhaa. Baada ya hapo macho ya kila mtu yalizoea, na eneo lisilozidi ukubwa wa chumba likatoa vifuko vya kujaza beseni. Katika baadhi ya vifuko mayai hayakuwapo. Badala yake kulikuwa na lava (buu) mweupe aliyejikunja, wa jamii ya mbawakawa ambao wakubwa wao hula maua ya kunde na mbaazi, lakini wachanga wao hula mayai ya panzi.

Mjadala ulizuka kama vifuko vikusanywe na kuchomwa moto au vitupwe juani. Ilikubaliwa udongo ugeuzwe na vifuko viachwe juu ya ardhi, kwa sababu jua kali, sisimizi na ndege wangemaliza kazi bila kuni, na kwa sababu wengine waliona si haki kuwachoma na lava wanaowasaidia. Binafsi naona sababu ya kwanza ilitosha; ya pili ina utata, maana mbawakawa hao hao baadaye hurudi kudai maua ya mbaazi.

Makaburi hayakuchimbwa. Mzee wa ukoo aliombwa kwa heshima, akasikiliza, akasema jembe halitaingia pale wakati yeye yu hai. Kikundi hakikubishana naye. Kilichokubaliwa ni kwamba vijana wataruhusiwa kuingia bila vifaa vya chuma kukusanya tunutu watakapoanguliwa. Kuhusu kiwanja cha jirani, mwenyewe alipigiwa simu, akasema atakuja kuona. Hakuja.

Msimu wa pili na matokeo

Vuli ya mwaka uliofuata, tunutu walionekana tena. Ukingo wa kijito na chini ya mwembe walikuwa vikundi vichache vilivyotawanyika, ambavyo vilikung'utwa kwenye beseni asubuhi mbili tatu na kwisha. Kwenye makaburi na kwenye kiwanja cha jirani walikuwa wengi kama mwaka uliotangulia. Wale wa makaburini walidhibitiwa kwa sehemu, kwa kuwa katika siku za mwanzo tunutu hawaendi mbali na mahali walipoanguliwa. Vijana waliingia kila alfajiri kwa muda wa wiki mbili, wakatoka na magunia. Wa kiwanja cha jirani hawakuguswa.

Palizi pia ilibadilishwa. Badala ya kulisafisha shamba zima kwa mara moja wakati wa kiangazi kifupi, kikundi kilipalilia mapema zaidi na kwa awamu, kikaacha ukanda wa magugu wenye upana wa hatua chache kwenye mpaka wa mashariki. Hakuna dawa iliyopulizwa, na kisamvu kiliuzwa msimu wote. Madhara kwenye mihogo yalikuwa katika mistari ya karibu na kiwanja cha jirani. Sehemu nyingine zilipoteza majani ya chini tu.

Uchambuzi: kwa nini mihogo iliachwa, kisha ikavamiwa

Swali hili ndilo kiini cha kisa, na jibu lake liko kwenye jani. Jani la muhogo likitafunwa, seli zake hupasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kemikali iitwayo linamarini, na sumu ya sianidi hutoka palepale. Utafiti uliofanyika Nigeria katika miaka ya 1970 kuhusu Zonocerus variegatus ulionyesha kwamba panzi akiuma jani bichi linalokua vizuri hukataliwa na sianidi hiyo, lakini jani lililonyauka au lililozeeka hulila bila shida. Tunutu wadogo hawastawi kwa mihogo, wanahitaji magugu. Hii inaeleza Novemba na Desemba za msimu wa kwanza bila kuhitaji maelezo mengine.

Januari masharti matatu yalikutana. Kiangazi kifupi kilifanya mihogo yenyewe ilegee, tunutu walikuwa wamefikia ukubwa wa kuhimili chakula hicho, na palizi iliondoa mbadala wote kwa siku chache. Kuna jambo la nne ambalo hutokana na tabia ya kukaa pamoja: wengi wakiguguna vikonyo na maganda ya mmea mmoja, majani ya mmea huo hunyauka, na yakishanyauka hayatoi kinga ileile. Kundi hujifungulia mlango ambao panzi mmoja asingeweza kuufungua. Kwa hiyo madhara hayakupanda polepole kulingana na idadi ya wadudu. Yalikaa chini kwa muda mrefu, kisha yakaruka.

Haitakuwa sahihi, hata hivyo, kusema palizi ndiyo iliyoleta panzi. Magugu hushindana na mihogo, na shamba lisilopaliliwa hupoteza mazao kwa njia nyingine. Tatizo lilikuwa wakati na namna, na sababu iliyowafanya wachelewe hadi Januari ni ya kawaida sana: Desemba kila kaya ilikuwa kwenye shamba lake la mahindi.

Uchambuzi: dawa, mayai na marejea

Dawa ilishindwa kwa sababu ilielekezwa mahali madhara yalipoonekana, wakati chanzo kilikuwa kwenye vichaka vya pembeni. Ilitumika pia kwa wadudu waliokaribia kukomaa, ambao huhitaji dozi kubwa kuliko tunutu wa wiki ya kwanza. Dawa hiyohiyo ingepulizwa Novemba juu ya makundi machache ya tunutu ukingoni mwa kijito, kiasi kidogo kingetosha na kisamvu kisingeguswa. Afisa alifikiria pia dawa ya kibiolojia ya kuvu wa Metarhizium, iliyotokana na mpango wa utafiti wa LUBILOSA ulioanza mwaka 1989 na ambayo mwaka 2009 ilitumika dhidi ya nzige wekundu hapa Tanzania, katika mbuga za Iku-Katavi. Haikupatikana katika maduka ya pembejeo ya karibu, na kwa kuwa huua baada ya wiki moja au zaidi, Februari isingeokoa mistari ya kijito.

Uchimbaji wa mayai ulifanya kazi kwa sababu ya tabia moja tu ya mdudu: majike hukusanyika kutaga. Mbinu hiyo haiwezi kuhamishwa kwa panzi wengine wanaotaga kila jike peke yake. Na hata hapa haifai kupewa sifa zote. Kuvu waliua panzi wengi Mei kabla hawajamaliza kutaga, na kiangazi kifupi cha msimu wa pili kilikuwa chepesi, hivyo mihogo haikulegea kama awali. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa kulinganisha maeneo ndani ya mwaka uleule: mvua na kuvu vilikuwa sawa kote, lakini palipochimbwa tunutu walikuwa wachache na pasipochimbwa walikuwa wengi.

Marejea yanabaki na pande mbili. Yalirahisisha ukusanyaji, lakini kuna watafiti waliopendekeza kwamba panzi wanaopata alkaloidi kwa wingi hutaga mayai yenye kinga dhidi ya maadui wake, na kwamba ndivyo gugu la Chromolaena odorata lilivyoongeza tatizo la panzi Afrika Magharibi. Kama hilo ni kweli, mstari wa marejea wenye maua ambao hakuna anayeukusanyia panzi ni hatari kuliko kutokuwa nao. Kikundi kiliamua kuendelea kuyapanda kwa sharti kwamba yafyekwe na kufukiwa yanapoanza kuchanua, isipokuwa mstari mmoja ambao watu wake wa alfajiri wamekwisha kutajwa kwa zamu.

Lililokwama ni kiwanja cha jirani. Kila kitu kilichoelezwa juu kinategemea kuingia kwenye ardhi ambayo mayai yamo, na ardhi hiyo mara nyingi si ya mwenye mihogo. Makaburi yalipata suluhisho kwa sababu mzee alikuwepo wa kuzungumza naye. Kwa kiwanja, kikundi kimeandika barua kwa serikali ya kijiji kuomba kibali cha kugeuza udongo wa ukanda wa mpakani kabla ya vuli, na vijiti vya Mei vimeachwa vimesimama hadi jibu litakapotoka.